Gari la Turbo, Paipu Iliyochanika na Pistoni Niliyoivunja Mwenyewe

Ninaandika haya nikiwa nimetandaza stakabadhi zote mezani, kuanzia ile ya plagi nne za shilingi 4,800 hadi ile ya karakana iliyochonga silinda za injini, na jumla yake ni shilingi 410,450. Gari lenyewe nililinunua kwa shilingi 870,000. Sehemu ya fedha hizo ilikwenda kubadilisha vitu ambavyo havikuwa na kasoro yoyote, na sehemu kubwa zaidi ilikwenda kurekebisha uharibifu nilioufanya mimi mwenyewe siku niliyodhani kwamba nimemaliza kazi. Hapa Mombasa watu wengi wananunua magari ya turbo yaliyokwisha kufanyiwa mabadiliko na wenyewe wa awali, na wengi huingia katika njia ile ile niliyopita mimi. Kwa hiyo nitaeleza ilivyokuwa tangu mwanzo, bila kuficha makosa.

Gari ni Subaru Forester ya mwaka 2005, yenye injini ya EJ205 ya ujazo wa sentimita 1,994, silinda nne zilizolala mbili kila upande, na turbo moja. Lilipoingia nchini kutoka Japani lilikuwa bado halijavuka miaka 8 ambayo sheria yetu inaruhusu kwa magari yaliyotumika, maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya maisha yake limeishi Kenya, na mimi nilikuwa mtu wa nne kuandikwa kwenye logibuku, yaani hati ya umiliki wa gari. Mmoja wa walionitangulia aliondoa boksi la chujio la hewa akaweka chujio la wazi lenye umbo la pia, akafunga eksosi ya inchi tatu kutoka kwenye turbo hadi nyuma, akaweka vali inayotema hewa nje kila dereva anapoachia mafuta, kisha akaongeza kifaa kidogo cha shaba chenye springi ambacho kazi yake ni kupandisha busti, yaani shinikizo la hewa ambayo turbo inasukuma ndani ya injini. Aliyeniuzia alisema gari limetyuniwa, yaani limerekebishwa ili litoe nguvu zaidi. Sikumuuliza limetyuniwa na nani, lini, na kwa petroli ya aina gani. Lilikuwa swali lisilogharimu chochote, na kutoliuliza ndilo kosa langu la kwanza.

Kwa wiki sita nililifurahia. Kisha dalili zikaanza kujitokeza moja baada ya nyingine. Asubuhi injini iliyumba ikiwa imesimama bila kukanyagwa mafuta, sindano ya mizunguko ikipanda na kushuka kama mtu anayehema. Nikikanyaga kwa nguvu kupita mizunguko 3,000 kwa dakika, gari lilishtuka mara mbili tatu, likakosa nguvu, na moshi mweusi ukaonekana nyuma. Nilipopima matumizi kwa kujaza tangi mara mbili mfululizo, nilipata kilomita tano na kidogo kwa lita moja, ilhali nilipolinunua lilikuwa likinipa karibu tisa. Wakati mwingine, baada ya kukwama kwenye msongamano wa Makupa au kusubiri feri ya Likoni jua la Februari likiwa utosini, lilikataa kuwaka hadi nijaribu mara ya tatu.

Fundi wa kwanza alisikiliza kwa dakika moja akasema injini inamisi, kwa hiyo tatizo ni plagi. Tulibadilisha plagi kwa zile za shilingi 4,800, na siku mbili baadaye hali ikarudi. Fundi wa pili alisema ni koili, nami nikanunua koili nne za mtumba kutoka Japani kwa shilingi 28,000. Wa tatu alisema pampu ya petroli imechoka, shilingi 14,500, na alipoona haikusaidia akapendekeza sensa ya hewa ya mtumba ya shilingi 9,000. Pamoja na malipo ya kazi ya shilingi 21,000, nilikuwa nimetumia shilingi 77,300, na gari lilikuwa vile vile. Sitaki kuwalaumu mafundi hao peke yao. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwaambia wafanye haraka, na kila mmoja nilimpelekea gari bila karatasi yoyote ya kuonyesha kilichokwisha kufanywa na aliyemtangulia.

Jambo moja kuhusu upimaji wa kompyuta linahitaji kuelezwa hapa kwa sababu lilinipotosha kwa karibu mwezi mzima. Gereji mbili kati ya hizo zilichomeka kifaa cha kawaida cha kusomea hitilafu, kikaonyesha kwamba hakuna kitu, na mimi nikaamini kwamba kompyuta ya injini haikuona kasoro. Magari mengi ya wakati ule yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani hayazungumzi kikamilifu lugha ya kawaida ya vifaa hivyo. Yanahitaji kifaa au programu inayojua lugha ya kiwanda chenyewe. Kifaa hakikusema kwamba gari ni zima. Kilishindwa tu kuzungumza nalo, na hayo ni mambo mawili tofauti kabisa. Ukiambiwa kwamba gari halina hitilafu, omba uonyeshwe kwenye skrini hiyo hiyo joto la maji ya injini na mizunguko ikibadilika. Ikiwa havionekani, basi hakuna kilichosomwa.

Mambo yalianza kubadilika nilipopelekwa kwa fundi mmoja mzee huko Tudor, ambaye gereji yake haina hata kibao. Hakufungua boneti kwanza. Aliniletea kiti, akanipa kalamu, akaniambia, "Mwanangu, niandikie kila kitu kilichobadilishwa kwenye gari hili tangu litoke kiwandani. Usiniandikie linavyoumwa, hilo nitalisikia mwenyewe." Nikamjibu kwamba sijui vyote. "Basi tutavitafuta kwanza, Mzee?" nikauliza. Akasema ndiyo, na siku nzima ya kwanza tuliitumia kutafuta na kuandika tu, bila kugusa spana.

Alichonifundisha siku ile ndicho hasa ninachotaka kukipitisha kwa mwingine. Kompyuta ya injini haioni hewa wala petroli. Inachojua ni taarifa za sensa tu, na katika gari hili taarifa kubwa kuliko zote hutoka kwenye sensa ya hewa iliyoko karibu na chujio. Sensa hiyo hupima hewa inayoingia, na kompyuta hutoa petroli kulingana na kipimo hicho ikiamini kwamba kila punje ya hewa iliyopimwa itafika kwenye silinda, na kwamba hakuna hewa nyingine inayoingia kwa mlango wa nyuma. Karibu kila kilichobadilishwa kwenye gari langu kilikuwa kimevunja uaminifu huo. Chujio la wazi lililopakwa oili lilikuwa limeacha utando kwenye waya mwembamba wa sensa, ikawa inasoma kidogo kuliko hali halisi. Vali iliyotema hewa nje ilitupa hewa ambayo tayari ilikuwa imepimwa, kwa hiyo kila nilipoachia mafuta ili kubadilisha gia, kompyuta ilitoa petroli ya hewa ambayo haikuwepo tena, ndiyo ule moshi mweusi wa ghafla. Kiwandani vali hiyo huirudisha hewa kabla ya turbo, baada ya sensa, na hesabu inabaki sawa.

Kwa hiyo tulianza kwa kusoma kile ambacho kompyuta yenyewe ilikuwa ikifanya ili kujitetea. Kwa kutumia programu iliyojua lugha ya gari, tulitazama marekebisho ya petroli, yaani asilimia ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza kutokana na inachoambiwa na sensa ya oksijeni kwenye eksosi. Injini ikiwa imesimama, ilikuwa ikiongeza asilimia 18. Kwenye mizunguko 2,500 bila mzigo, nyongeza ilishuka hadi asilimia 4. Mzee alipoona namba hizo alitabasamu. Alieleza kwamba tundu lililo baada ya mlango wa hewa wa injini hunyonya hewa ya wizi, na hewa hiyo huonekana nyingi pale injini inapovuta kidogo, lakini humezwa injini inapovuta nyingi. Kama tatizo lingekuwa pampu dhaifu au sensa chafu peke yake, namba zingeharibika zaidi mzigo unapoongezeka. Kusoma namba hizi mbili kulichukua dakika kumi na tano, na kungeniokoa pampu, koili na sensa.

Kabla ya kutafuta tundu tulimaliza jambo la umeme, kwa sababu gari la pwani lina adui ambaye magari ya bara hayamjui sana. Nyumbani ninaegesha karibu na mkono wa bahari, na chumvi ya hewa ilikuwa imekula mwisho wa waya mzito unaounga betri na chuma cha gari, ndani ya ganda lake, mahali ambapo jicho halifiki. Kwa nje ulionekana mzima. Mzee aliweka mita ncha moja kwenye kichwa hasi cha betri na nyingine kwenye injini yenyewe, akaniambia nipige stata: ilisoma volti 0.6, ilhali waya mzima haupaswi kupita takriban volti 0.2. Tulibadilisha waya huo, tukasugua sehemu zote za kufungia hadi chuma king'ae, tukapaka grisi, na shida ya kuwaka baada ya foleni ikapungua siku hiyo hiyo.

Kutafuta tundu ndiyo kazi ninayomshauri kila mwenye gari la turbo ajifunze kuifanya mwenyewe, kwa sababu ni rahisi na haihitaji gereji. Nilikwenda Mwembe Tayari nikanunua kifuniko cha bomba la plastiki la maji kinachoingia kwenye paipu ya mpira inayotangulia turbo, kipande cha paipu, na vali ya tairi isiyo na mpira wa ndani. Vyote pamoja shilingi 1,450. Kifuniko hutobolewa, vali hupachikwa, kisha kitu hicho hufungwa kwa klipu mahali ambapo chujio na sensa ya hewa vilikuwa. Halafu unasukuma hewa kwa kompresa ya tairi, polepole, usipite bar moja ya shinikizo, na unanyunyizia maji ya sabuni kila kiungo. Kuna tahadhari moja ambayo usiipuuze hata kidogo: paipu ndogo za kupumulia injini zinazorudi kwenye paipu hiyo ya mbele ya turbo lazima zizibwe kwanza, vinginevyo hewa itaingia kwenye tumbo la injini na kusukuma sili za oili zitoke mahali pake. Pia usishangae ukisikia hewa kidogo ikipita kwenye eksosi, kwani injini inaweza kuwa imesimama pale ambapo silinda moja ina vali za kuingiza na za kutoa zilizo wazi kwa pamoja.

Hatukuhitaji hata bar nusu. Paipu ya silikoni inayounga intakula, yaani kifaa kinachopoza hewa iliyotoka kwenye turbo, na mlango wa hewa wa injini ilikuwa imechanika upande wa chini, urefu wa kidole, pale ambapo klipu iliyokazwa kupita kiasi ilikuwa imeikata kama kisu. Ukiitazama kutoka juu ilikuwa nzima na safi. Kipaipu chembamba kinachopeleka ishara kutoka kwenye manifodi, yaani bomba linalogawa hewa kwa silinda, hadi kwenye vali ya kutema hewa nacho kilikuwa kimepasuka mwishoni kwa joto. Matundu hayo mawili yalieleza karibu kila kitu: kile cha manifodi kiliingiza hewa isiyopimwa injini iliposimama na kuifanya iyumbe, na kile cha silikoni kilitoa hewa iliyopimwa turbo ilipoanza kusukuma, petroli ikazidi, plagi zikalowa, gari likashtuka na kutoa moshi mweusi. Paipu na klipu mpya ziligharimu shilingi 2,200. Tulisafisha waya wa sensa kwa dawa yake maalumu, si ile ya kabureta ambayo huiharibu, tukaweka plagi halisi za shilingi 10,000 na kuhakikisha pengo lake ni milimita 0.7.

Gari lilibadilika mara moja. Lilisimama kimya bila kuyumba, na marekebisho ya petroli yakashuka chini ya asilimia 5 kila mahali. Mzee aliniambia neno moja ambalo nalikumbuka kila siku: "Usilikimbize bado. Hatujapima busti." Aliniambia nirudi Jumatatu, kwa kuwa geji yake aliyokuwa ameiazima mwenzake ingerudi siku hiyo. Ilikuwa Ijumaa.

Jumamosi asubuhi nilimchukua binamu yangu tukaelekea Mariakani. Sikuwa na haja yoyote ya kwenda huko. Nilitaka kulisikia gari likivuta. Kwenye mlima wa Mazeras, gia ya nne, nilikanyaga mafuta hadi mwisho. Gari liliondoka kwa nguvu ambayo sikuwahi kuipata tangu nilinunue. Nikasikia mlio mwepesi wa haraka, kama mchele mkavu unaomwagwa kwenye sinia ya bati, na binamu akaniuliza, "Kaka, hiyo ni nini?" Nilidhani ni kitu kimelegea. Nikaendelea kukanyaga kwa sekunde nyingine tano au sita. Kisha injini ikaanza kutikisika, na kwenye kioo cha nyuma nikaona moshi wa rangi ya buluu.

Hapa niseme jambo kuhusu neno, kwa sababu lugha yetu ya gereji ina shimo mahali hapa, na watu wanaingia ndani yake. Mafundi wetu wakisema injini imenoki wanamaanisha kwamba imekufa, beringi zimeliwa na vyuma vinagongana. Lakini kuna kunoki kwingine kunakotangulia kifo hicho, nako ni pale mchanganyiko wa hewa na petroli unapolipuka wenyewe ndani ya silinda, kwa joto na shinikizo, badala ya kuungua kwa utaratibu kutoka kwenye cheche ya plagi. Mlio wake si wa kugonga kwa nguvu. Ni mwepesi, kama mchele au kokoto ndogo, na hutokea chini ya mzigo tu. Kwa kuwa nilijua maana moja tu ya neno hilo, nilisubiri mlio mzito ambao haukuja, huku ule mwepesi ukivunja pistoni. Ukiusikia, achia mafuta papo hapo.

Kosa lililofuata lilikuwa ghali kuliko lile la kwanza. Badala ya kuzima injini na kuita gari la kuvuta, nililiendesha kurudi Tudor, polepole, nikijifariji kwamba bado linatembea. Kipande cha pistoni kilichovunjika kilisafiri nami njia nzima kikikwaruza ukuta wa silinda. Kuvutwa kutoka Mazeras kungenigharimu shilingi elfu chache. Kuchonga silinda zote nne kuligharimu mara nyingi zaidi ya hapo.

Mzee hakunigombeza. Alipima kompresheni, yaani shinikizo ambalo kila silinda inaweza kulijenga, injini ikiwa na joto, ikatoa psi 150, 148, 152, na ya nne 85. Nilikuwa nimesoma kwamba ukimimina oili kidogo kwenye silinda dhaifu na kipimo kikapanda, basi ringi, zile pete zinazoizunguka pistoni, ndizo mbovu, nikamwomba ajaribu. Alinieleza kwa subira kwamba jaribio hilo ni la injini zilizosimama wima. Katika injini ambayo silinda zake zimelala, oili hutuama upande wa chini na haizunguki ringi nzima, kwa hiyo jibu lake si la kuaminiwa. Badala yake alisukuma hewa ndani ya silinda ya nne kupitia tundu la plagi, vali zote zikiwa zimefungwa, na tukasikiliza inatokea wapi. Ingetokea kwenye eksosi, vali ya kutolea moshi ingekuwa mbovu. Ingetokea kwenye paipu ya kuingizia, ingekuwa ile nyingine. Mapovu kwenye radieta yangekuwa gasketi ya hedi. Yetu ilipuliza kwa nguvu kwenye tundu la kujazia oili, na hapo hapakuwa na shaka tena kwamba tatizo ni pistoni au ringi zake.

Sababu tuliipata bila kuwasha injini. Aliunga kompresa yenye kidhibiti kwenye mkono unaofungua mlango wa kupunguza nguvu ya turbo. Bila kile kifaa cha shaba, mkono ulianza kusogea kwenye takriban nusu bar. Kifaa kikiwepo, haukusogea hadi bar 1.2. Yaani mtu fulani, alipoona gari linakosa nguvu kwa sababu ya paipu iliyochanika, alikaza skrubu ya kifaa badala ya kutafuta tundu, na kwa muda wote huo tundu lile ndilo lililokuwa likiilinda injini. Mimi nililiziba, hewa yote ikafika kwenye silinda, na pistoni za kiwandani, pamoja na petroli ya pampu zetu ambayo si ile ya oktani 100 inayouzwa Japani, hazikustahimili. Baadaye tuligundua pia kwamba aliyeandika upya programu ya kompyuta alikuwa amepandisha kikomo ambacho kiwanda kiliweka ili petroli ikatwe busti inapozidi. Ulinzi wa mwisho ulikuwa umeondolewa kabla sijalinunua gari. Kwa hiyo, mtu ukitengeneza kasoro moja kwenye gari lililobadilishwa, lichukulie gari kama jipya na upime kila kitu tena kabla ya kulibebesha mzigo, kwani hujui ni kasoro gani nyingine ilikuwa imefichwa na ile uliyoitengeneza.

Kulikuwa na njia mbili: kununua injini ya mtumba au kufungua hii. Wengi walinishauri mtumba kwa sababu gari lingetembea baada ya siku tatu. Niliikataa kwa sababu historia yake isingejulikana, na kwa sababu namba ya injini imeandikwa kwenye logibuku, hivyo mabadiliko yangehitaji kupitishwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, jambo ambalo wengi huliacha kisha likawasumbua siku ya kuuza. Tulifungua. Ukingo unaoshika ringi kwenye pistoni ya nne ulikuwa umekatika. Silinda zilichongwa kutoka milimita 92 hadi 92.25, tukaweka pistoni za ukubwa huo, ringi, beringi, gasketi za hedi na mkanda wa taimingi, kwa sababu mkanda ukikatika kwenye injini hii pistoni hugonga vali. Kichujio kidogo cha wavu kwenye njia ya oili ya turbo tulikikuta kimeziba nusu. Ni kitu kidogo sana, na kikiziba kabisa turbo hukauka na kufa. Kazi hiyo yote, na malipo ya mafundi, ilikuwa shilingi 236,000 na wiki saba za kupanda matatu. Sitazieleza wiki hizo; zilikuwa za kusubiri tu, na za kumweleza mama watoto kila mwisho wa mwezi kwa nini fedha za ukuta wa nyumba hazijaonekana. Hilo liliniuma kuliko gari.

Injini iliporudi, niliondoa kifaa cha shaba kabisa, nikarudisha vali inayorejesha hewa ndani na boksi la chujio la kiwandani. Eksosi pana niliiacha, lakini eksosi ya namna hiyo huifanya turbo izunguke kwa wepesi zaidi na inaweza kupandisha busti yenyewe, kwa hiyo haikubaliki bila programu inayolingana nayo. Nilinunua geji ya busti na sensa pana ya oksijeni inayoonyesha uwiano wa hewa na petroli, vyote shilingi 38,500, kisha nikamlipa mtaalamu kutoka Nairobi shilingi 45,000 aandike programu upya hapa hapa Mombasa, kwa joto letu na kwa petroli ninayoinunua kila wiki. Alifanya kazi alasiri ya Machi kwa makusudi, kwa sababu intakula ya gari hili iko juu ya injini na hupata joto kali kwenye foleni. Programu iliyoandikwa kwenye baridi ya Nairobi ingenidanganya hapa pwani. Uwiano ambao gari linatembelea kwa utulivu ni karibu 14.7 kwa 1, na chini ya busti aliuweka karibu na 11, petroli ya ziada ikisaidia kupoza. Alikubali bar 0.85 na akakataa zaidi, ingawa nilikuwa tayari kulipa.

Kama una nia ya kununua gari la namna hii, nenda na mtu mwenye kipimo cha kompresheni na lipia saa moja ya kazi yake. Muuzaji akikataa plagi zitolewe, ondoka. Na iambie kampuni ya bima kwa maandishi kila kilichobadilishwa, kabla ya ajali na si baada yake.

Nimekwisha kuendesha kilomita 14,000 tangu siku ile. Kila Jumapili ninapima oili. Inapungua kidogo sana kati ya huduma moja na nyingine, nami naandika kiasi hicho. Nikipita barabara ya Dongo Kundu alfajiri ikiwa tupu, ninakanyaga mara moja, geji inapanda hadi 0.85 na kutulia hapo, na sauti ya mchele sijaisikia tena. Ndani ya kisanduku cha dashibodi kuna daftari lenye orodha ile niliyoianza kwenye kiti cha Mzee: kila kilichobadilishwa, tarehe yake, aliyekifanya, na namba za marekebisho ya petroli gari likiwa zima, ili mtu wa tano atakayeandikwa kwenye logibuku asianzie kwenye plagi.